Risasi Katika Sufuria la Jumuiya

Siku ya kwanza ya kazi yangu nilivaa gauni la Jumapili, kwa sababu hakuna aliyenieleza kwamba karakana ina masizi. Nilikuwa nimetoka Kibaoni, binti wa wakulima wa mpunga, nimemaliza darasa la saba na miaka miwili ya ufundi kwa masista. Karakana yenyewe ilikuwa ya misheni moja ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, chumba kirefu chenye madirisha upande wa maji. Mkuu wa karakana alikuwa Bruda, mzungu mzee aliyezungumza Kiswahili polepole kama mtu anayepita kwenye utelezi. Alitazama gauni langu, hakucheka. Alinipa aproni na redio iliyokufa, akaniambia niifungue na nilaze kila skrubu juu ya kitambaa cheupe, kwa mpangilio ule ule ilivyotoka.

Asubuhi hiyo nilijifunza majina ya vitu. Chuma cha kulehemu ni kile kinachopashwa moto ili kuunganisha nyaya. Waya laini wa kijivu unaoyeyuka kwenye ncha yake tuliuita risasi, kwa kuwa kweli ulichanganywa na madini ya risasi. Nilishika waya ule kwa vidole saa tatu nzima, na mara moja niliushika kwa meno, maana mikono yangu yote miwili ilikuwa na kazi. Bruda aliniona. Aliutoa mdomoni mwangu kwa vidole vyake bila kusema neno.

Kengele ya saa sita ilipolia niliinamisha kichwa kuanza sala ya mchana, Malaika wa Bwana. Akanigusa bega.

"Binti, mikono kwanza," alisema. "Sabuni, maji, mpaka ndani ya kucha. Ndipo Malaika wa Bwana. Ndipo chakula."

Nilinawa kwa heshima kubwa. Nilikuwa nimemwona padri akinawa vidole altareni, na nikajiambia kwamba kumbe katika nyumba hii hata fundi hunawa kabla ya kuzungumza na Mungu. Nilifurahi sana. Nawaomba wasomaji wangu vijana mlishike jambo hili, kwa maana yote nitakayosema yanatoka hapo.

Kwa Bruda nilikaa miaka saba. Kazi ya wakati ule ilikuwa kutunza, si kutupa. Redio iliyoshindikana kabisa haikwenda jalalani. Iliingia kwenye sanduku tulilolibandika jina la Marehemu Wote, na kutoka humo tulichomoa spika, swichi na nyaya za kuwafufua wengine. Televisheni za kichogo zilipoanza kuletwa, Bruda alinifundisha kwamba kioo cha kila moja huweka umeme ndani hata baada ya kuchomolewa ukutani. Tulisubiri kwa kusali kumi moja la Rozari, yaani Salamu Maria kumi, kisha tuliutoa umeme uliobaki kwa bisibisi iliyofungwa waya. Hakuna aliyepigwa shoti katika karakana ile. Betri kavu za tochi zilipokwisha, watoto wa shule walikuja kuziomba. Walizipasua, wakatwanga ule unga mweusi wa ndani pamoja na majani, wakapaka ubao wa darasa. Walirudi nyumbani weusi mpaka kwenye viwiko, nasi tulimshukuru Mungu kwamba hakuna kilichopotea.

Bruda alirudi kwao akiwa mgonjwa. Siku ya kuagana alinipa bisibisi zake na kipande cha sabuni kilichofungwa kwenye karatasi. Nililia, nikakiweka kile kipande pamoja na picha ya Bikira Maria. Sikukitumia kamwe.

Kituo changu cha pili kilikuwa Mpanda, katika kampuni moja iliyokuwa ikiuza umeme wa jua. Hapo bosi wangu alikuwa Meneja wa Tawi, mtu mwenye sauti nzuri na viatu visivyojua vumbi. Alinipokea vizuri na nilimshukuru, maana wakati ule mwanamke mwenye bisibisi alionekana kama kituko. Lakini hapo ndipo hasira yangu ilipoanza, na sitaificha. Redio ya zamani ilikuwa na skrubu nne mgongoni, kana kwamba inakukaribisha ndani. Taa tulizokuwa tukiuza zilikuwa zimegandishwa kwa gundi. Ukitaka kuitengeneza lazima uivunje, na ukishaivunja haitengenezeki. Nilimuuliza Meneja kwa nini tunawauzia watu kitu kisichofunguka.

"Mama Fundi," alinijibu, "ikifunguka, atarudi kununua nyingine lini?"

Alicheka, na watu wa ofisini wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nikiwaza wale wafugaji waliohamia kwetu na ng'ombe wao, wanaoishi mbali na nguzo za umeme, wanaouza ndama ili mwanafunzi apate mwanga wa kusomea. Mama mmoja wa Kisukuma aliniletea taa tatu zilizokufa ndani ya kikapu, akaniita mama kwa lugha yao, akaniuliza, "Mayu, hizi zinaugua nini?" Ningemwambia nini? Kwamba zimezaliwa ili zife?

Mitambo mikubwa ilikuwa na betri nzito nyeusi. Ndani yake kuna sahani za risasi zilizosimama kwenye maji makali, yaani asidi. Baada ya miaka michache betri hufa, na mwenye nyumba hana la kufanya nayo. Juu ya kila betri palikuwa na alama za onyo na maandishi marefu, lakini kwa lugha mbili ambazo hakuna mteja wetu hata mmoja aliyezisoma. Nami sikuzisoma. Nilijua Kiswahili, Kipimbwe na Kilatini cha nyimbo.

Kisha nikahamishiwa Kapalamsenga, kijiji cha ziwani, kuwa Msimamizi wa Kituo cha Huduma. Jina ni kubwa. Kituo kilikuwa chumba kimoja na veranda. Huko nilikaa muda mrefu kuliko mahali pengine popote, na huko nilipata jumuiya yangu. Kwa asiyejua, jumuiya ni zile familia chache za jirani zinazosali pamoja kila wiki, zinazozikana na kuosheana vyombo. Mwenyekiti wetu alikuwa Baba Paskali, mvuvi, mwenye nyavu zake. Jumuiya ilikuwa na mali moja tu, sufuria kubwa la alumini lenye mdomo mpana, la kupikia kwenye misiba na sikukuu. Lilitunzwa nyumbani kwa Paskali na mkewe, Mama Tekla, na mwenye shughuli aliliazima.

Watu waliniletea kila kilichokufa: redio, deki, simu, televisheni za kichogo ambazo hazikutakiwa tena, na betri, betri, betri. Mpanda walisema hawana nafasi ya kuzipokea. Siku moja Paskali alikuja akaniuliza kama anaweza kuchukua chache. Wavuvi wanahitaji uzito wa kuzamisha nyavu, na risasi ndiyo nzuri kuliko jiwe. Nilifurahi, kama nilivyofurahi kwa watoto wa ubao. Nilimpa. Alizipasua kwa shoka ufukoni, akamwaga maji makali mchangani, akachomoa sahani, akaziyeyusha na kuzimimina kwenye vitundu alivyochimba kwenye mchanga mbichi. Wengine wakafuata. Walinishukuru kwa samaki, migebuka ya kubanika, na mimi kwenye sala za jumuiya nilimshukuru Mungu aliyetuonyesha njia ya kutumia kila kitu.

Kuyeyusha kwenyewe kulifanyika uani kwa Paskali, hatua chache kutoka ufukoni, katika sufuria la jumuiya. Lilikuwa ndilo lenye kitako kinene. Baadaye Mama Tekla alilisugua kwa majivu na mchanga mpaka likang'aa, na Jumapili tulipika wali humo. Nililiona kwa macho yangu. Nilikula.

Paskali alikuwa na binti, Tekla, mtoto mpole aliyependa kukaa karibu na baba yake akichochea moto. Jumamosi nilimsaidia katekista kufundisha watoto wa Komunyo ya Kwanza kwenye veranda yangu. Tekla hakushika. Leo alisema sala ya Nasadiki mpaka katikati, kesho hata mwanzo ulimtoroka. Alilalamika tumbo, alilalamika kichwa. Miaka mitatu mfululizo wenzake walivaa nguo nyeupe naye akarudishwa. Katekista alimwita mvivu. Mimi pia nilimwita mvivu, mbele ya watoto wengine. Ninaliandika hili kwa sababu nimeliungama, na kuungama hakujanipunguzia uzito wake.

Mwaka wa nne Paroko alisema mtoto apokee tu, kwamba Mungu hasahihishi mitihani. Paskali alifurahi kupita kiasi. Alialika kijiji.

Wiki ile ile Meneja alituita Mpanda kwenye mkutano. Kulikuwa na mgeni, Afisa wa Mazingira, kijana mtaratibu aliyesema Kiswahili cha kueleweka. Alieleza habari za betri za risasi. Alisema risasi ni sumu isiyo na harufu wala ladha. Inaingia kwa moshi, kwa vumbi na kwa chakula, haraka zaidi kwa watoto, na inawaharibu akili polepole: mtoto anakuwa msahaulifu, anaumwa tumbo, hashiki anachofundishwa. Alisema chombo kilichoyeyushiwa risasi kisipikiwe tena, hata kikisuguliwa. Kisha akasema fundi anayelehemu asile kabla ya kunawa mikono kwa sabuni, mpaka ndani ya kucha.

Mpaka ndani ya kucha. Nilisikia sauti ya Bruda kana kwamba amesimama nyuma yangu. Haikuwa altare. Ilikuwa sumu. Mzee yule alinikinga kila mchana kwa miaka saba, na mimi nilidhani ananifundisha adabu ya sala. Tangu hapo nilikuwa nimewafundisha mafundi wengi kunawa kabla ya Malaika wa Bwana, na wale ambao si wa dini yetu niliwasamehe wasinawe, kwa kuwa sala haikuwahusu.

Nilisimama nikasema kwamba Kapalamsenga tumeyeyusha betri za kampuni hii kwa miaka, na kwamba kampuni izifuate. Meneja alitabasamu kwa ajili ya mgeni.

"Mama Fundi, kaa," alisema. "Tusiwatishe wateja. Nani atanunua betri akisikia maneno hayo?"

"Walioila risasi yake wameshanunua," nilisema.

Alimwalika mgeni kwenye chai. Wakati wa chai nilimfuata huyo Afisa, nikamuuliza mtoto anapimwa wapi. Aliona aibu, namshukuru kwa aibu yake. Alisema kwa sasa kipimo hicho hakipatikani karibu na sisi.

Nilirudi Kapalamsenga siku ya sikukuu yenyewe, asubuhi, na vumbi la njiani. Uani kwa Paskali akina mama walikuwa wamekaa wakichambua mchele, na sufuria lilikuwa limeshatelekwa juu ya mafiga, maji yakianza kutoa mvuke. Mama Tekla alinikaribisha kwa kicheko.

"Haya, Mama Fundi kaja kupima umeme wa wali."

Nilimwita kando nikamweleza. Alinisikiliza, kisha akaniambia taratibu kwamba nimechoka na safari, kwamba sufuria amelisugua mwenyewe jana mpaka anaona meno yake humo, na kwamba leo ni siku ya mwanawe. Wengine walisikia. Mmoja akasema mafundi wa mjini wakikosa kazi wanatunga magonjwa. Mwingine akasema tumekula humo miaka yote, nani kafa? Nilitazama mchele ulivyooshwa, nikaona sitawashinda kwa maneno. Nilikwenda kwenye kituo changu, nikachukua nyundo na patasi. Nilirudi, nikayamwaga maji yale juu ya moto, nikalipindua sufuria, nikalitoboa kitako. Nilipiga mara tatu, maana kilikuwa kinene kweli.

Paskali alitoka ndani akiwa na koti lake la harusi.

"Umetoboa sufuria la watu," alisema. "Siku ya mwanangu."

"Nimelitoboa, Baba Paskali. Limeyeyushiwa risasi, na risasi ni sumu."

"Risasi ulinipa wewe."

"Nilikupa mimi."

Aligeuka, akaingia ndani. Nyuma yake, mlangoni, Tekla alikuwa amesimama na gauni jeupe. Wali ulipikwa katika vyombo vidogo vilivyokuja kutoka kila nyumba, ukachelewa, mwingine ukaungua. Tekla alipokea Komunyo. Mimi nilikaa benchi la mwisho. Baada ya siku ile Paskali alinisalimia kwa kichwa tu, na jumuiya ikachangia sufuria jingine bila kunialika kwenye mkutano. Nilitoa mchango wangu kupitia kwa katekista.

Mnaniuliza kama Tekla aliharibiwa na risasi. Sijui. Sasa ni msichana mkubwa, anaimba kwaya, anashika nyimbo polepole kuliko wenzake na haachi kujaribu. Hakuna aliyempima, na hili ndilo linalonikasirisha mpaka leo. Kuna vipimo vya kujua uzito wa kila gunia linalotoka mkoa huu, lakini hakuna cha kujua kilichomo katika damu ya mtoto aliyechochea moto wa betri zetu. Wenye kuuza waliijua sumu hiyo tangu mwanzo, maana waliiandika juu ya kila betri. Waliiandika kwa lugha ambayo ingewalinda wao, si sisi.

Miaka mitatu iliyofuata, ambayo ndiyo ya mwisho ya utumishi wangu, sikutoa tena betri hata moja. Nilizipokea zikiwa nzima, nikazipanga wima juu ya mbao ndani ya chumba cha kituo, na nilipokosa nafasi nilihamishia kazi zangu verandani. Televisheni niliziweka zisipasuliwe, simu na betri zake ndogo kwenye ndoo ya mchanga mkavu. Kila mwezi niliandika barua Mpanda kwamba gari lije lizipeleke kwenye kiwanda kinachojua kuziyeyusha bila kuua watu. Jibu lilikuja mara moja tu. Mkuu mpya wa Ufundi aliandika kwamba mnunuzi wa chuma chakavu yuko tayari, ila anataka betri zimwagwe maji kwanza ili ziwe nyepesi. Nilimuuliza kwa barua zimwagwe wapi, ziwani tunakokunywa au shambani tunakokula. Hajanijibu hadi leo. Nilipostaafu alitaka ufunguo wa chumba cha betri. Nilimwambia aje auchukue yeye mwenyewe, na gari. Ufunguo ninao hapa, kwenye kamba moja na Rozari yangu.

Namshukuru Mungu kwa maisha ya kazi. Alinipa mikono, akanipa walimu, akanipa mkate. Lakini nyie vijana mnaoingia katika kazi hii, msikubali kufundishwa jambo bila sababu yake, hata kama anayewafundisha ni mtakatifu. Nami siku hizi, mtu akija kujifunza kulehemu, namwambia sumu kwanza, sala baadaye. Sidhani kama Mungu amechukia kuwa wa pili hapo.

Siku yangu ya mwisho kazini nilikuwa verandani nikifuta meza. Nilimwona Paskali akija kutoka ufukoni, akitembea taratibu, betri begani, ameishika kwa mikono miwili isiiname. Alisimama mbele yangu.

"Tumsifu Yesu Kristo," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka mitatu.

"Milele amina."

"Hii ni ya taa za boti. Imekufa. Nimeileta nzima, sikuifungua."

Nilimwonyesha pa kuiweka. Aliishusha wima juu ya ubao, akaondoa mikono yake kwa uangalifu, akaitazama. Kisha akaniuliza kile ambacho nadhani alikuwa akikibeba muda wote ule.

"Mama Fundi, jambo hili ulilijua tangu lini?"

Ningeweza kumjibu kwamba nililijua tangu mkutano wa Mpanda. Hata angeuliza watu, wangemwambia hivyo hivyo.

"Nilifundishwa siku yangu ya kwanza ya kazi," nilisema. "Nikadhani ni sala."

Hakusema amenisamehe, nami sikuomba. Alitazama mikono yake.

"Sabuni iko wapi?" aliuliza.

Niliingia ndani nikatoa kile kipande cha sabuni cha Bruda, kilichokaa na picha ya Bikira Maria kwenye ile karatasi, kigumu kama mfupa. Nilimmiminia maji. Alinawa polepole, mbele na nyuma, mpaka ndani ya kucha. Kengele ya saa sita ilikuwa bado haijalia.